Wauza visu vya kuwindia mnatupiga mchana kweupe! Tunataka kisu kidogo cha kazi, nyie mnatuuzia mapambo

Wakuu salaam.

Nimenyamaza vya kutosha, leo natapika nyongo. Mods naomba msiuhamishie uzi huu kwenye jukwaa la vichekesho, maana hapa hakuna cha kuchekesha.

Mimi ni mchunaji. Nafanya kazi kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii upande wa Rungwa. Mteja akishamaliza kupiga picha na mnyama wake, mnyama anakuwa mikononi mwangu: nachuna, natoa ngozi ya kichwa, naiweka chumvi, naisimamia mpaka ikauke. Ngozi ikioza au ikitobolewa, jina linalochafuka ni langu, sio la aliyeshika bunduki. Kwa hiyo nikisema kisu, siongelei cha kufungulia maboksi.

Msimu unafunguliwa Julai, na nilitaka kisu kipya kidogo kisichokunjwa kwa zile kazi za taratibu: midomo, kope, masikio. Kuna jamaa anatangaza vifaa vya porini mtandaoni. Nikamwuliza kabla ya kutoa hata mia: ni chuma gani? Akajibu 440C. Je, chuma kinapita mpaka mwisho wa mpini? "Kinapita chote bosi." Bapa lina urefu gani? Inchi nne kamili. Haya, nikalipa laki na ushee, mzigo ukaja kwa basi.

Nafungua boksi nakuta kisu kingine kabisa. Bapa lina mawimbi mawimbi, mgongoni lina meno ya msumeno, unene wake unakaribia wa shoka. Napiga simu. Jamaa bila aibu: "Hiyo ndiyo bora zaidi bosi, ni Damascus 440C."

Wakuu, sikilizeni huo upuuzi. Hiyo inayoitwa Damascus siku hizi ni vyuma vya aina mbili au zaidi vilivyounganishwa kwa moto na nyundo, vikakunjwa, ndiyo maana mawimbi yanaonekana. 440C ni aina moja ya chuma, kina kaboni karibu asilimia 1 na kromiamu asilimia 16 mpaka 18. Bapa ambalo lote ni 440C halina mawimbi ya kukuonyesha. Muuzaji ameokota maneno mawili yenye sifa akayabandika kwenye kitu kimoja, na hajui maana ya lolote kati ya hayo.

Nikachukua msasa, nikasugua sehemu ndogo karibu na mpini. Mawimbi yakaisha! Nikapaka limau nikaliacha muda, hayakurudi. Bapa lililofuliwa kweli, ukilisugua mawimbi yanafifia, lakini ukilitia asidi yanarudi kwa sababu yamo ndani ya chuma, na hata mgongoni utaona mistari imepita. Hili langu lilichorwa juu juu tu. Nikampitisha ngiri shingoni, makali yakalala upande hata ngozi ya kifua sijamaliza. Mwisho nikabandua mpini: chuma kimeingia urefu wa kidole, chembamba kama msumari, kimezungushiwa gundi. Zile ribiti mbili za shaba zinazong'aa nje hazijashika chochote. Zimewekwa kwa ajili ya picha.

Huyo nimeshamalizana naye, amenifungia namba. Hasira yangu sasa iko kwa soko zima. Zunguka Kariakoo, zunguka maduka ya vifaa vya kambi Arusha, uone unachoonyeshwa ukisema "kisu cha kuwindia". Unaletewa kitu kirefu kama mkono, mpini uko wazi ndani, kwenye kifuniko kuna dira na ndani kuna viberiti na ndoano ya samaki. Nani aliwaambia mwindaji anabeba viberiti ndani ya kisu? Na mpini ulio wazi ndani maana yake bapa limeshikiliwa kwa kipande kidogo tu pale shingoni, ndipo linapokatikia.

Tuje kwenye meno ya msumeno mgongoni, maana haya ndiyo yananiuma zaidi. Ukifungua jicho la mnyama, kidole cha shahada kinakaa juu ya mgongo wa kisu, ndicho kinachoongoza. Kisu kinatembea kati ya kope na mfupa, milimita kwa milimita. Sasa nikiweka kidole juu ya meno, nitatoa ngozi ya pofu, yule swala mkubwa, au ya kwangu? Aliyebuni kile kitu hajawahi kuchuna hata sungura. Na ile ndoano ya kupasulia tumbo inayochongwa karibu na ncha inapendeza dukani, ila ikishajaa mafuta na manyoya haikati, na kuinoa unahitaji tupa ya mviringo ambayo muuzaji hana.

Kisu cha kazi hii ni kidogo na hakina urembo. Bapa sentimita 8 mpaka 10 linatosha kwa swala, kwa pofu, hata kwa nyati. Unene milimita 2.5 au 3. Ncha ishuke kidogo kutoka mgongoni, isichongoke kama sindano, kwa sababu ukiwa unafungua tumbo ncha kali iliyoinuka ndiyo inayotoboa utumbo na kibofu, halafu nyama yote inanuka. Mmarekani Bob Loveless ndiye aliyelifanya umbo hilo lijulikane kwa visu vya wawindaji, na watengenezaji kibao wameliiga. Mpini uwe mkavu mkononi hata ukiwa na damu na mafuta. Pembe iliyong'arishwa kama kioo inateleza. Rangi ya machungwa watu wanaicheka, lakini siku kisu kitakapodondoka kwenye nyasi jioni utaikumbuka.

Halafu chumvi. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama kisu kitakaa karibu na chumvi! Banda letu lina magunia ya chumvi, mikono ina chumvi, meza ina chumvi. Chuma cha kaboni kinashika makali vizuri na kinanoleka upesi, lakini ukikisahau usiku mmoja pale asubuhi kina vidoa. Hata hicho wanachosema hakishiki kutu kinatoboka vishimo kikiachwa kwenye majimaji ya chumvi. Ala ya ngozi ndiyo mbaya kuliko zote, inafyonza damu na chumvi halafu inakikumbatia kisu. Mimi nataka ala ya plastiki yenye tundu chini, nioshe, imwagike, ikauke. Wao wanakuuzia ala ya ngozi iliyochorwa simba eti ndiyo "original".

Na nyie wajuzi wa humu jukwaani msijifiche. Kila mtu akiuliza kisu mnamwimbia wimbo mmoja: chuma kipite mpaka mwisho wa mpini, bila hivyo ni takataka. Kile kisu cha Sweden cha Morakniv, Companion, chuma chake hakifiki mwisho wa mpini, na wachunaji wanakitumia miaka na miaka. Kile cha chuma kisichoshika kutu kirahisi ni cha aina ya 12C27, kaboni kama asilimia 0.6, bapa sentimita 10 hivi, jembamba, limetiwa moto sawasawa. Kinadumu kwa sababu hakuna anayekipigilia gogo kupasulia kuni. Wenzangu wengine wanatumia visu vya bucha vya Victorinox vya mpini mweusi. Chuma chake ni laini zaidi, vinanolewa mara kwa mara, lakini havikuangushi. Havina mawimbi wala dira, basi wauzaji hawaviiti vya kuwindia.

Ubora wa kisu uko kwenye kukitia moto na kukipoza ili kiwe kigumu, na hapo ndipo tunapoibiwa bila kuona. Kuna vyuma vya bei chee kama 3Cr13 vyenye kaboni ya asilimia 0.3 hivi, havitashika makali kama 440C hata uvifanyeje, lakini mashine ya kuchonga herufi haijali, itaandika 440C juu ya chochote. Na hata 440C halisi ikitiwa moto vibaya ni bure. Ndiyo maana naenda dukani na tupa mpya mfukoni. Nikiigusisha kwenye makali karibu na mpini ikateleza, chuma ni kigumu, tunaongea bei. Ikila chuma bila kusita, naondoka. Muuzaji mmoja alinifukuza dukani eti naharibu bidhaa. Bidhaa ipi, kaka? Kisu kinachoharibiwa na kuguswa tu?

Mnaonisifia wahunzi, nakubali kwa sehemu. Springi ya Land Rover ni chuma kizuri kuliko nusu ya vinavyopangwa kwenye makabati ya vioo, na Wadatoga kule Eyasi wanafua chuma chakavu kuwa visu na mishale tangu hatujazaliwa. Shida yangu na baadhi ya mafundi wa mjini ni haraka. Anakitia moto, anakizamisha kwenye maji, kinachemka, anakupa. Hajakirudisha kwenye moto mdogo kukipunguzia ukakasi. Kisu cha hivyo kikigonga mfupa kinakatika kama kigae, na kipande kinabaki kwenye nyama ya watu.

Kuna jambo lingine wauzaji hawalifikirii kabisa. Kambini mnyama akianguka akiwa hajafa, Mwislamu ndiye anayekimbia kuchinja ili nyama iliwe na wote. Mtume aliagiza mtu anoe kisu chake na ampunguzie mnyama mateso. Wewe umemuuzia mtu bati, anakereza shingo ya mnyama aliye hai, na umeandika kwenye risiti "bidhaa ikishauzwa hairudishwi".

Maneno hayo ya risiti nayo yananichefua. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ina kazi ya kushughulikia bidhaa bandia. Mstari mmoja kwenye risiti hauondoi hilo. Nimeshaandaa picha za bapa kabla na baada ya msasa, picha ya mpini uliobanduliwa na mazungumzo yote ya simu. Napeleka.

NYONGEZA: Mnaosema ninunue vile vya kubadilisha nyembe, ninavyo. Kwa midomo na masikio ni vitamu. Ukivipeleka kwenye kiungo wembe unavunjika, unaanza kuutafuta ndani ya paja. Vinasaidia, ila havichukui nafasi ya kisu.

NYONGEZA 2: Ndugu wa Kenya uliyeandika kwamba kwenu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977 kwa hiyo uzi haukuhusu, mbuzi wa Krismasi unamchuna kwa kucha?

Wauzaji mnaojaa inbox kuniambia "karibu dukani bosi", jibuni hapa hapa hadharani kila mtu aone: chuma gani, unene milimita ngapi, mpini ukibanduliwa kuna nini ndani, na kama mtaniruhusu niguse makali kwa tupa kabla sijalipa. Asiyeweza kujibu asinitumie picha.

Na mwenye ndugu au jirani karibu na Eyasi anayemjua mhunzi asiye na papara anicheki PM. Nahitaji viwili, bapa sentimita 9, mgongo laini bila meno, na mpini usiong'aa. Pesa ipo, ila nalipa nikishakishika mkononi.