Tupeane uzoefu: Jambo la mtoto wa miaka 3 hadi 5 ulilodhani ni ukaidi, kumbe ni ukuaji

Mleta mada

Ndugu wazazi, walezi na walimu, naomba tukusanye hapa visa vyetu kuhusu watoto wa miaka 3 hadi 5, yaani wale waliokwisha kutoka katika uchanga lakini hawajafikia umri wa darasa la kwanza. Nasaha za jumla tumezisikia za kutosha. Ninachoomba ni kila mmoja aeleze tukio moja alilolishuhudia mwenyewe, alilitafsiri vipi siku hiyo, na baadaye alikuja kugundua nini.

Naanza na langu. Binti yangu alipokuwa na miaka 3 na nusu, nilimkuta amesimama kando ya kikombe kilichovunjika, naye akaniambia bila kupepesa macho kwamba kimevunjwa na paka. Nyumbani kwetu hapakuwa na paka. Nilimwadhibu kwa kusema uongo, nikaona nimetimiza wajibu wangu. Wiki chache baadaye, huku akivaa nguo za kulalia, alinionya nisiketi kwenye ncha ya kitanda chake kwa sababu paka yuleyule amelala pale, na safari hii hapakuwa na kosa lolote la kuficha. Ndipo nilipong'amua kwamba katika umri ule mpaka kati ya kilichotokea na kile ambacho mtoto angependa kiwe kimetokea bado ni mwembamba, na kwamba swali langu la "nani amevunja?", ambalo jibu lake nilikuwa nalo tayari, ndilo lililokuwa likimwita paka. Siku hizi husema, "Kikombe kimevunjika, vipande usivishike, niletee ufagio," na paka haji tena kwa kazi hiyo.

Mama wa mapacha

Langu ni la chakula. Walipofika miaka 3, mmoja wa wanangu alianza kuweka tonge shavuni hata nusu saa nzima, hatafuni wala hatemi, huku akinitazama. Niliamini ananikomoa. Tulifika mahali ambapo kila mlo ulianza kwa kubembelezana na kuishia kwa machozi, mengine yakiwa yangu. Muuguzi wa kliniki hakunihutubia. Alifungua kadi ya ukuaji na kuufuatisha mstari kwa kalamu. Katika mwaka wa kwanza uzito wa mtoto hufikia karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao, lakini baada ya miaka 2 huongezeka takriban kilo 2 tu kwa mwaka mzima, na hamu ya kula hushuka pamoja na kasi hiyo. Mstari wa mwanangu ulikuwa ukipanda kama ulivyopaswa. Tangu siku hiyo mimi huamua kitakacholiwa na saa ya kula, yeye huamua kiasi, na sahani ikishaondolewa hapana mjadala. Lile tonge la shavuni lilitoweka kabla ya mwezi kwisha.

Mwalimu wa shule ya awali

Nimefundisha watoto wa umri huu kwa miaka 11, na lalamiko linalonifikia kuliko yote ni kwamba mtoto wa fulani anaandika jina lake na wangu hawezi. Mkono una ratiba yake: wengi huweza kunakili duara wakiwa na miaka 3 hivi, msalaba wakiwa na miaka 4, mraba baada ya hapo, na pembetatu wakielekea 5. Mtoto anayeshika kalamu kwa ngumi hasaidiwi na kurasa za mistari. Husaidiwa na udongo wa kufinyanga, karatasi za kuchana, na vifungo vya shati ambavyo mzazi mwenye haraka ya asubuhi huona afadhali amfungie mwenyewe.

Kosa langu lilikuwa jingine. Nilikuwa nikiwanyamazisha watoto wanaojisemea wakati wa kazi. Siku moja nilichutama nyuma ya mvulana aliyekuwa akipanga matofali ya mbao ya kuchezea, nikamsikia akinong'ona, "Kubwa kwanza... hapana, litaanguka... weka hapa." Alikuwa akijiongoza kwa sauti kwa kuwa hajaweza bado kufanya hivyo kimoyomoyo. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky alilieleza jambo hilo katika miaka ya 1930, nami nililisoma chuoni, nikalifanyia mtihani, kisha nikalisahau mlangoni mwa darasa.

Baba mlezi

Niwieni radhi, kwa kuwa kisa changu kinakwenda kinyume na mada: nilidhani ni ukuaji, kumbe sivyo. Binti ninayemlea, akiwa na miaka 4, alikuwa haitiki akiitwa. Kila mtu alinituliza kwamba umri huo una kiburi chake na kitapita. Nilichokuja kukiona kwa kuchelewa ni kwamba tukiwa tumeelekeana alitii mara moja, bali nikiwa nyuma yake alikuwa kama hayupo. Na tulipozungumza alinitazama mdomo badala ya macho. Daktari alikuta majimaji yamekaa nyuma ya ngoma za masikio yake baada ya mafua ya mara kwa mara. Alitibiwa, na usikivu ukarudi. Nimebaki na adhabu zote nilizompa, ambazo sina pa kuzirudisha. Kabla hujamwita mtoto mkaidi, mwite jina lake kwa sauti ya chini ukiwa mgongoni pake, na ukishuku, mpeleke akapimwe.

Mjomba mtu

Nimesoma yote kwa heshima, lakini nina shaka. Mpwa wangu wa miaka 3 hujitupa chini na kurusha mateke kila tunapozima televisheni. Ikiwa kila kitu ni ukuaji, nani atamwambia hapana?

Mwalimu wa shule ya awali

Ni wewe, ndugu yangu, na usiache kumwambia. Sehemu ya ubongo inayozuia msukumo huendelea kukomaa hadi ujanani, kwa hiyo kilio kile si ithibati ya malezi mabaya, lakini televisheni na ibaki imezimwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza muda wa skrini usizidi saa 1 kwa siku kwa watoto wa miaka 3 na 4, na usingizi uwe wa saa 10 hadi 13. Mpe taarifa mapema, kisha kitufe akibonyeze yeye. Akilia, usimhutubie, kwani maneno hayaingii wakati huo. Kaa karibu naye tu.

Bibi wa wajukuu sita

Naongeza kwa ufupi kuhusu kukojoa kitandani. Wa miaka 4 anayelowesha usiku hajachelewa, wala asiaibishwe mbele ya wenziwe. Mjukuu wangu mmoja alikuwa amekwisha kuacha kwa miezi 8, akaanza upya wiki aliyozaliwa mdogo wake. Huyo hakuhitaji kunyimwa maji, alihitaji kupakatwa. Hali hiyo ikirudi bila sababu inayoonekana, hasa ikiambatana na kiu isiyo ya kawaida, mpelekeni kwa daktari, wanangu.

Mjomba mtu

Narudi baada ya siku nne. Siku mbili za mwanzo alilia vilevile. Jana alibonyeza kitufe, akalia kidogo, akawasha tena, akanitazama, kisha akazima mwenyewe. Nilitaka kumpongeza, lakini mama yake, aliyekuwa akichungulia mlangoni, aliniashiria ninyamaze.