Naomba ushauri: IQ 84, kusoma 76, ripoti inasema "hana ulemavu wa kujifunza"

Wanajukwaa, naomba msaada kwa mnaofanya tathmini ya watoto. Mwanafunzi wa miaka 9, darasa la tatu, anazungumza Kiswahili nyumbani, amepimwa kwa WISC-V (kipimo cha akili cha watoto) kwa Kiingereza. Lugha 74, maumbo 102, kufikiri bila maneno 100, kumbukumbu ya muda mfupi 76, kasi 88. IQ ya jumla 84, kusoma 76. Pengo kati ya IQ na kusoma ni alama 8, mpimaji alitaka 22 ili aseme ana ulemavu wa kujifunza, basi mtoto akanyimwa msaada.

Naona hesabu hii inamwonea. Alama ya lugha inapima Kiingereza chake, kisha inashusha jumla na kuficha pengo. Ukilinganisha 76 na 100 au 102, pengo linavuka 22. Kutafsiri kipimo papo hapo kwa Kiswahili nako hakufai: ugumu wa maneno hubadilika, na viwango vya kulinganishia ni vya watoto wa Marekani. Hata tarakimu zetu, moja hadi tisa, zote zina silabi mbili. Za Kiingereza karibu zote zina moja, hivyo kukariri zetu ni mzigo zaidi. Na huko Marekani kwenyewe, tangu 2004 sheria inakataza majimbo kulazimisha kigezo hiki cha pengo kati ya IQ na kusoma.

Nataka kuomba tathmini irudiwe: kusoma silabi, maneno na maneno ya kubuni kwa Kiswahili, kisha wiki kadhaa za mafunzo ya ziada yenye vipimo vya kila wiki.

Je, wiki ngapi zinatosha kabla ya kuamua? Na mnaandikaje ripoti ambayo shule itaikubali bila IQ ya jumla?