Nusu kaputi mara nne, ya tano naiogopa: ubongo unaweza kuzoea dawa ya usingizi? (Kigoma)

Mjukuu wa Ujiji
Jumanne, saa 1:12 asubuhi

Mwakeye wakuu. Niko Mwanga, Kigoma mjini. Mwaka jana nilipata ajali ya bodaboda, mguu wa kulia ukavunjika vibaya. Nimelazwa nusu kaputi mara nne: kusafisha kidonda mara mbili, kuweka vyuma, kisha kupandikiza ngozi. Mara ya kwanza sikumaliza kuhesabu hadi tano. Mara ya nne ndiyo imeniachia hofu. Walinivua hereni, wakanifuta rangi ya kucha, wakachoma sindano, macho yakafumba, lakini masikio yakabaki wazi. Nikasikia mtu anasema "huyu bado, ongeza". Nikasikia na vyombo vinagongana kwenye sinia.

Alhamisi hii vyuma vinatolewa. Swali langu ni moja tu: seli za ubongo zinazoea dawa ya usingizi kiasi kwamba safari hii isishike kabisa? Nafikiria nisiende. Vyuma vikae tu, havili ugali.

Mgebuka Mkavu
Mkuu, mimi nusu kaputi yangu ni ugali wa muhogo na migebuka ya mawese saa saba mchana. Miaka arobaini, ubongo haujazoea hata siku moja.

Mama Tatu
Pole sana mwanangu. Mimi mtoto wangu wa mwisho nilizalishwa kwa kisu, wakanichoma ganzi ya mgongo. Basi niko macho kabisa, nasikia manesi wanagombana nani hajalipa mchango wa kikoba. Nikataka kuwaambia jamani mnidai mimi, ila mnishone kwanza. Usiogope. Omba Mungu, na wasamehe waliokukosea kabla ya kuingia.

Kanzu Nyeupe
Labda nitoke kidogo nje ya swali. Wenye watoto wadogo ndio wa kusikiliza zaidi hapa. Desemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba kumlaza mtoto wa chini ya miaka mitatu mara kwa mara, au kwa zaidi ya saa tatu mfululizo, kunaweza kuathiri ubongo unaokua. Mara moja kwa muda mfupi haikuonekana kuwa na shida.

Mjukuu wa Ujiji
Ahsante mkuu, ila mimi si mtoto. Nimeuliza kuzoea.

Sindano Baridi
Mimi ni nesi wa usingizi, kazi yangu ndiyo hii kila siku. Kuzoea kupo, lakini kunategemea dawa gani na kwa ukaribu gani. Ketamini, ambayo hospitali zetu nyingi zinaitegemea, ikirudiwa kila baada ya siku chache, kwa mfano kwa mgonjwa wa moto anayebadilishiwa bandeji, kweli dozi huanza kupanda. Upasuaji ulioachana kwa miezi haufanyi hivyo kwa urahisi. Mara nne ndani ya mwaka mzima si sababu ya kumfanya mtu mzima asikie sinia.

Sasa nijibu maswali manne. Pombe? Bangi? Dawa za kifafa? Vidonge vya usingizi au vya kutuliza?

Mjukuu wa Ujiji
Sinywi, sivuti. Nilisoma mahali kwamba kuna panya walilazwa mara moja tu na seli zao zikabadilika. Hilo mbona hulisemi?

Sindano Baridi
Panya hao nawajua, ila wanakupinga. Baada ya usingizi mmoja, vipokezi vya aina fulani vya GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza seli, viliongezeka juu ya seli, kumbukumbu ikawa nzito kwa siku kadhaa. Vikiongezeka, dawa inashika zaidi, haipungui.

Na nimeuliza manne, umejibu mawili.

Kibirizi Usiku
Baba yangu mdogo, mvuvi, alikuwa anakunywa gongo tangu utoto. Walipompeleka kukatwa ngiri, sindano ya kwanza akasema "bado", ya pili "bado". Katikati ya kazi akainuka akauliza karabai nani kazima. Aliogopa daktari kuliko yeye.

Mjukuu wa Ujiji
Haya, Sindano. Kifafa hapana. Vidonge ni Valium tu, za kawaida, za kulalia, kwa sababu ya maumivu ya usiku. Zilianza moja, sasa ni nne. Ni kama miezi kumi na minne. Lakini msianze kunihukumu, kwa sababu nimeshaacha. Tangu Jumamosi hakuna hata kimoja. Nilipiga hesabu: siku tano zinatosha ubongo kusahau, Alhamisi dawa ishike vizuri. Mikono inatetemeka kidogo na jasho la usiku, ila hiyo ni hofu tu.

Sindano Baridi
Hiyo siyo hofu!

Sikiliza. Seli ya ubongo ina kufuli linaloitwa kipokezi cha GABA. Likifunguliwa, seli inatulia. Valium inalegeza kufuli hilo. Sindano za usingizi kama propofoli na thiopentoni, na gesi nyingi za usingizi, nazo zinapitia hapo hapo. Ukililegeza kila usiku kwa miezi kumi na minne, seli inajihami: kufuli linakuwa gumu, mengine yanaondolewa juu ya seli. Ndiyo maana moja ikawa nne. Ndiyo maana pia dozi ya kawaida ya usingizi ikakuta mlango mgumu. Pombe ya kila siku inafanya hivyo hivyo, baba mdogo wa Kibirizi ni shahidi. Ketamini ina mlango wake mwingine, kwa hiyo mtu wa usingizi akijua mapema ana njia za kupanga. Tatizo ni asipojua.

Na kuacha ghafla ndiyo hatari kubwa kuliko yote. Seli zimezoea breki, umezing'oa kwa siku moja. Diazepamu, ndiyo hiyo Valium, inatoka mwilini polepole, kwa hiyo mtetemo huchelewa, lakini ukianza unaweza kuishia kwenye degedege. Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, na daktari anajua. Nenda leo.

Mjukuu wa Ujiji
Leo haiwezekani. Na kuwaambia pia kuna ugumu wake.

Stesheni ya Mwisho
Jamani, hii ni chai. Mwezi wa tatu huyu huyu alileta uzi anatafuta fremu ya duka la dawa, akasema tangu azaliwe hajawahi kulazwa hata siku moja. Na ana mke, alimtaja. Sasa nielezeni, toka lini baba wa Mwanga anavuliwa hereni na kufutwa rangi ya kucha?

Mgebuka Mkavu
😂😂😂 Rangi ya kucha imepita juu ya kichwa changu kama mwewe. Sukari iongezwe.

Kanzu Nyeupe
Tupia picha ya kovu.

Mama Tatu
Chai au si chai, huyo anayetetemeka ni nani?

Mjukuu wa Ujiji
Saa 9:40 alasiri

Ni mke wangu. Niliandika kama mimi kwa sababu Kigoma ni ndogo.

Duka ni langu. Ni duka la dawa muhimu, Valium hairuhusiwi kuwepo pale, naijua sheria. Alikuwa analia usiku kucha, nikamletea moja. Ningefanyaje? Mara zote nne alipoulizwa kama kuna dawa anatumia, mimi nilikuwa pembeni yake, akasema hapana. Daktari akiuliza zimetoka wapi nitajibu nini? Leseni ikienda tunakula nini? Kwa hiyo nikamwambia aache, yaishe kimya kimya. Jana usiku hakulala, na asubuhi hii kikombe kimemponyoka mara mbili.

Mama Tatu
Mpe yeye simu. Sitaki kuongea na wewe.

Stesheni ya Mwisho
Mimi bado naiona chai, sasa imetiwa na maziwa. Lakini kama ni kweli, bwana, leseni haishikwi na degedege.

Sindano Baridi
Shemeji, mtu wa usingizi haulizi jina la duka. Anauliza jina la dawa, ngapi, na tangu lini. Mbebe sasa hivi, usingoje Alhamisi. Upasuaji unaweza kusogezwa, vyuma havina haraka. Usimwache peke yake, asipande nyuma ya bodaboda, chukua bajaji.

Mjukuu wa Ujiji
Saa 11:25 jioni

Tuko mapokezi. Amekaa, amejifunika kitenge, anatetemeka. Sista, niseme miezi sita au niseme kumi na minne?

Sindano Baridi
Kumi na minne. Na vidonge vinne. Au nyamaza, aseme mwenyewe.