Mtoto ana tatizo la tezi za juu ya figo, wakwe wanasema limetoka kwetu

Mama K: Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kiume alizaliwa vizuri tu, wiki ya pili akaanza kutapika, hanyonyi, kalegea kama kitambaa, tulikoanzia wakasema ni tumbo wakampa antibayotiki tukarudi nyumbani, hospitali ya pili ndo wakapima damu wakakuta sodiamu iko chini na potasiamu juu sana. Wanasema ni CAH, tezi hazitengenezi homoni za kutosha. Mama mkwe na mawifi wanasema kwao haipo so nimekuja nayo mimi. Nina mimba ya miezi 3 na usingizi sipati. Ni kweli?

Nesi wa watoto: Pole sana mdogo wangu. Sio kweli. CAH nyingi, zaidi ya 90%, zinatokana na jeni inaitwa CYP21A2, ipo kromosomu namba 6, hiyo ndo inatoa enzaimu ya kutengenezea homoni mbili, kotisoli na aldosteroni, na aldosteroni ndo inazuia chumvi isipotee kwenye mkojo, ndo maana mtoto alikauka vile. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama, na mtoto anaumwa zote mbili zikiwa mbovu. Yaani baba yake naye katoa yake. Mwenye moja mbovu haumwi kabisa, inapita kimya kimya vizazi na vizazi, kwao na kwenu. Kila mimba uwezekano wa mtoto kuumwa ni 1 kwa 4, na haihesabu kwamba wa kwanza ameshaumwa.

Baba Binti: Wetu ni wa kike, waligundua palepale leba maana sehemu za siri hazikueleweka, wavulana hawaonyeshi hivyo ndo wanachelewa. Dada usiruke dozi hata moja ya dawa ya homoni. Mimi kidonge cha miligramu 10 nakikata kwa wembe juu ya kisahani cheusi ili nione unga wote, mara tatu kwa siku. Akipata homa dozi inaongezwa kama daktari alivyokuandikia, akitapika dawa usingoje asubuhi, kimbia akachomwe sindano.

Zuu: Hakikisha jeni lakini. Kwa mtoto wa dada yangu ilikuwa NR0B1, hiyo ipo kromosomu X, mama anaibeba wanaumwa wa kiume, tezi zenyewe hazikui. Angalia 17-OHP, homoni inayopimwa kwenye damu, ikiwa juu sana ni ile ya Nesi.

Mama K: Ipo juu sana, nimeiona kwenye karatasi. Jana usiku nimemsomea mume wangu hapa mwanzo mwisho, akanyamaza, baadae akasema mama yake ataongea nae mwenyewe. Na huyu wa tumboni je?

Nesi wa watoto: Waambie kliniki sasa hivi iandikwe kwenye kadi. Akizaliwa apimwe 17-OHP siku ya tatu, na chumvi za damu ziangaliwe wiki hizo mbili za mwanzo, msisubiri atapike.