Jina Siti: maana yake nini, limetoka wapi, na mbona Nairobi halisikiki?

mama_wa_Donholm:

Habari zenu wadau. Naomba msaada wa wale wanajua mambo ya majina, hasa nyinyi watu wa Pwani. Nimejifungua majuzi, msichana, wa pili. Mume wangu ni Mkikuyu na kwao msichana wa kwanza anachukua jina la mamake baba, wa pili la mamake mama, hiyo haina mjadala, wa kwanza tayari ni Wanjiru kama shosho yake. Sasa huyu ni wa upande wangu. Mamangu anaitwa Siti. Si Mwanasiti, ni Siti tu, mzaliwa wa Lamu, akalelewa Mombasa, na yeye pia alipewa la nyanya yake.

Hapo ndio maneno yalianza. Shemeji yangu ameniuliza kwani mtoto ataitwa siti kama ya matatu, akacheka mpaka nikamnyima chai. Mama mkwe, na huyu tunapendana sana sitaki mtu amseme vibaya, ana wasiwasi kama padri atakubali kubatiza mtoto na jina la Kiislamu. Halafu kuna jirani hapa plotini, amewahi kukaa Mombasa kidogo basi anajiona mjuzi wa kila kitu, akaniambia ati Siti ni jina walikuwa wanapewa watumwa. Hiyo ndio imeniuma. Nikimpigia mamangu anasema tu "ni jina la heshima mwanangu, weka" na anakata, juu anadhani naona haya kumwita mtoto jina lake.

Kwa hivyo nauliza, linamaanisha nini haswa, asili yake wapi, na kuna watu bado wanaita watoto hivyo ama limebaki la wazee? Darasa la huyu mkubwa limejaa akina Tiffany na Precious na Siti sijaskia hata mmoja.

---

kibarazani_mji_wa_kale:

Hongera mama, Mungu amkuze. Mwambie huyo jirani ameshika hadithi ya kweli lakini ameipindua juu chini.

Jina ni la Kiarabu. Kwa Kiarabu fasaha ukitaka kumwambia mwanamke wa heshima "bi mkubwa wangu" ni sayyidati, ukoo mmoja na sayyid wanaoitwa mabwana, na kwenye mazungumzo ya kila siku likafupishwa likawa sitti. Kwa hiyo mwanzo wake ni cheo, neno la kumtukuza mwanamke, baadaye likageuka jina kamili. Lina umri mrefu sana, kule Misri kulikuwa na binti wa ufalme wa Fatimiya, Sitt al-Mulk, maana yake bi mkubwa wa ufalme, huyo kaka yake, khalifa al-Hakim, alipopotea mwaka 1021 ndiye aliyeshika nchi mpaka alipokufa 1023. Na miaka mia tisa baadaye Misri hiyohiyo Umm Kulthum alipokuwa akiimba watu hawakuwa na haja ya kutaja jina, walisema es-Sitt basi, kila mtu anajua ni nani.

Sasa hiyo ya utumwa. Anamaanisha Siti binti Saad wa Unguja. Yeye alizaliwa Fumba kama 1880 hivi, wazazi wake walikuwa wa asili ya utumwa, baba Mnyamwezi mama Mzigua, na jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Ndiyo, Mtumwa, jina la mtoto. Alikuwa akiuza vyungu, akahamia mjini 1911, akajifunza kuimba, sauti ikamfikisha mbele ya watu wakubwa wa Unguja, na hapo ndipo akaitwa Siti. Unaona? Mtumwa ndilo lilikuwa la utumwa, Siti ndilo lililokuja kulifuta. Wenye wivu walimtungia wimbo wa kumkejeli kwamba katoka shamba na kaniki, kama si sauti angekula nini (kaniki ndiyo nguo watumwa walivaa), naye akawajibu kwa wimbo vilevile na wao leo hakuna anayewajua. 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri na His Master's Voice, Kiswahili kitupu, na santuri zake zikauzwa hadi huku kwetu Mombasa na bara. Alifariki 1950. Shaaban Robert mwenyewe alimwandikia wasifu, na wanahabari wanawake wa Tanzania, wale wa TAMWA, walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Jina la aibu halipewi jarida.

Muite mwanao Siti na usimfafanulie mtu.

---

siti_ya_mbele_Rongai:

Wakuu mimi nina hili jina la akaunti tangu zamani sikujua ni la mama ya mtu 😂 pole sana. Lakini tuseme ukweli, mtoto akifika darasa la tatu kuna kijana atamwambia "songa siti hiyo ni ya watu watatu" na hakuna historia ya Misri itamsaidia hapo. Muweke la kanisa mbele, Siti likae la pili.

---

kibarazani_mji_wa_kale:

@siti_ya_mbele_Rongai watoto wa shule hawakosi la kucheka. Nimesoma na Kombo na Chungu na wote wako hai.

---

muthoniwa_wa_Gatundu:

Mimi ni Mkikuyu na nataka kuongea na upande wa mzee wako kidogo, manake naona watu wanajadili kama ni nguo mnachagua dukani. Kwetu jina la mtoto hauchagui vile linaskika vizuri. Unamtaja mtu. Huyo msichana NI mamako, ndio maana utaskia mzee mwenye ndevu anamwita binti yake wa miaka miwili "maitũ", na akikosa adabu anaogopa hata kumchapa. Ukiweka jina lingine lenye liko karibu na Siti ama ulitafsiri ama uweke Wairimu juu ni rahisi kwa shule, hujamtaja mama mkwe wa mzee wako, umemruka. Na wazee wetu hawakuogopa majina ya nje, angalia Nyokabi, imetoka kwa Ukabi, ni Maasai huko, msichana akiitwa hivyo unajua kuna damu ya Maasai iliingia hiyo nyumba mahali, na leo hakuna mtu anaiona kama jina geni. Sasa hii nyumba imeingia damu ya Lamu. Vizuri sana. Vizazi vinne vijavyo kutakuwa na akina Siti wa Gatundu na hakuna mtu atakumbuka kulikuwa na kelele.

Shemeji acha acheke, ni kazi yake.

---

nilikaa_Kuala_Lumpur:

Nimesoma haraka nikashindwa kupita bila kusema kitu. Umeuliza kama kuna watu bado wanaitwa hivyo. Dada, kuna mahali Siti ni kama Wanjiku huku kwetu. Nilifanya kazi Malaysia miaka kadhaa na ofisini ukiita "Siti!" vichwa vinageuka pande zote, mpaka ilikuwa lazima useme Siti nani. Liliingia huko na Uislamu na wafanyabiashara wa Bahari Hindi, bahari ileile ilileta Lamu, na kwa Wamalay pia lilianza kama cheo cha wanawake wa heshima kabla ya kuwa jina la kila mtu. Mwimbaji mkubwa kabisa wa huko anaitwa Siti Nurhaliza, alizaliwa 1979, nadhani hakuna nyumba Malaysia haimjui. Mke wa Mahathir aliyekuwa waziri mkuu ni daktari, Siti Hasmah, ni kati ya wanawake wa kwanza wa Kimalay kusomea udaktari. Ukivuka uende Indonesia mke wa rais Suharto alikuwa Siti Hartinah. Na kule wengi wanaliweka mbele halafu jina lingine linafuata, Siti Aminah, Siti Khadijah, hivyo, kama vile nyinyi Pwani mnafanya na Mwana.

Kuna kitu kingine kilinifurahisha, kwa Kijava, lugha ya kisiwa cha Java hukohuko Indonesia, kile cha heshima wanatumia kuongea na wakubwa, siti ni ardhi, udongo. Kwa makasri ya wafalme wao kuna uwanja ulioinuliwa unaitwa Siti Hinggil, yaani ardhi ya juu. Haina uhusiano na Kiarabu, imetokea tu zikafanana, lakini ukitaka kumjibu shemeji mwambie kuna nchi jina hilo ni kama kiti cha mfalme.

---

kibarazani_mji_wa_kale:

@nilikaa_Kuala_Lumpur umenikumbusha la Mwana. Hiyo ndiyo sababu moja naona Siti limepungua hapa kwetu. Zamani Lamu na Pate mwanamke wa nyumba kubwa alitangulizwa heshima kabla ya jina, Mwana Kupona binti Msham aliyemtungia bintiye utendi 1858 ni hivyo, na huku Mombasa wanamtaja malkia wa kale Mwana Mkisi. Siti ilikuwa kazi hiyohiyo, na wengine wakaunga vyote viwili wakapata Mwanasiti. Sasa vijana wameacha kutanguliza chochote, wanataka jina jepesi, Aisha liwe Aisha si Mwanaisha, na ukiondoa heshima kwa mwenye jina lingine anabaki na jina lake, lakini mwenye kuitwa Siti pekee ukimwondolea anabaki na nini? Likaonekana la kizee. Mimi naona ni hasara lakini mimi ni mzee pia.

---

katekista_wa_Buruburu:

Kwa mama mkwe tafadhali, kwa upole. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 855, inasema tu jina lisiwe kinyume na hisia za Kikristo, hailazimishi jina la mtakatifu. Siti haliko kinyume na chochote. Zaidi ya hapo, Wakristo Waarabu, na wako wengi tangu enzi za mitume, wakimtaja Bikira Maria wanasema Sittna Maryam, Bibi yetu Maria. Neno lilelile. Padri akiuliza mpe hiyo, na ukiweka Maria Siti utakuwa umesema kitu kimoja mara mbili, wala si vibaya.

---

mama_wa_Donholm:

Jamani nimesoma zote nikinyonyesha, asanteni. Hiyo ya Sittna Maryam nimemsomea mama mkwe akasema kumbe, halafu akaniuliza kama anaweza kumwambia padri yeye mwenyewe 😂. Ya Mtumwa nimemtumia mamangu kwa simu, alikuwa anaijua yote tangu zamani, mimi ndio nilikuwa sijui.

Mume amesema ni Siti, kwisha. Swali la mwisho, niandike Siti ama Sitti na t mbili? Na notifikesheni ya hospitali imetoka na jina moja tu, Maria, hapo katikati waliacha wazi, sijui kama nimechelewa.

---

binti_wa_Gaza_anaishi_Kilimani:

T mbili ndio Kiarabu kinavyotamka, unaikazia. Lakini mamako anaandika moja? Fuata kitambulisho cha mamako, unamtaja yeye. Na hakuna mtu hapa amesema hii kitu, sisi Palestina na Syria pia mtoto akimwita nyanya yake anasema sitti. Kila siku. Mtoto wako anapewa jina la nyanya na hilo jina ndilo sisi tunaitia nyanya.

---

karani_mstaafu:

Hujachelewa. Sheria ya kusajili vizazi na vifo, Sura ya 149, inakupa miezi sita ya kusajili uzazi bila kuingia kwa mambo ya usajili wa kuchelewa, na jina lenyewe unaweza kuongeza ama kubadilisha ndani ya miaka miwili baada ya kusajili, unajaza fomu na kulipa ada. Baada ya hapo ndio mambo ya hati ya kiapo na gazeti la serikali yanaanza. Mimi ningekushauri uende na kitambulisho cha mama yako, ama nakala yake, uionyeshe karani ndio asiandike City. Nimeiona ikiandikwa hivyo. Na usiondoke kaunta kabla hujasoma karatasi herufi kwa herufi.