Kuchomeka karavani kwenye soketi ya nyumbani, niko salama au najitafutia balaa?

mzururaji
Wakuu habari zenu. Nina karavani imepaki ubavuni mwa nyumba, nataka iwe inapata umeme ili betri isife, friji iwe imeshapoa kabla ya safari, na wageni wakija walale humo siku mbili tatu. Ina lile tundu la bluu la pini tatu la ampea 16, na waya wake wa rangi ya chungwa mita 25 ninao umezungushwa kwenye rili. Nimeona kuna adapta fupi, upande mmoja bluu upande mwingine plagi ya kawaida ya ampea 13. Nikichomeka tu kwenye soketi ya gereji yatosha? Jirani anasema hakuna haja ya adapta, atanitengenezea waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili nipitishie umeme kwenye soketi ya ndani ya karavani, hapo nikasita. Na kuna mtu kaniambia shida kubwa ni ethi ila sikumwelewa. Nisaidieni kabla sijaunguza nyumba.

BibiGurudumu
Huyo jirani mwambie ahsante na umfungie geti 😂 Waya wa kiume pande zote ukishachomeka upande mmoja basi pini za upande wa pili ziko nje zina moto wa umeme, mtoto akiokota kimeisha. Halafu umeme unaingilia mlango wa nyuma, unaikwepa ile RCD (kile kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya kwenye kiboksi cha karavani. Usijaribu hata kwa dakika moja.

fundi_wa_zamu
Mkuu adapta yenyewe haina ubaya, ubaya ni watu kudhani plagi ikiingia basi kila kitu kimekubali. Piga hesabu: ampea 13 mara volti 230 ni wati 2990, haifiki hata 3000. Birika la umeme peke yake linakula kama 2000, hita ya maji ya karavani nyingi ni kati ya 800 na 1500, ukiongeza kihita cha hewa umeshapita. Friji ile ya gesi na umeme ni wati mia na kitu tu, chaja ya betri nayo wati mia kadhaa, hizo hazina shida. Kwa hiyo kuchaji na kupoza friji soketi ya gereji inatosha kabisa, wageni wakianza kupika na kuoga maji ya moto kwa pamoja ndo utaona vituko.

Na jua kwamba plagi ya ampea 13 kubeba mzigo kamili dakika kumi ni tofauti na kuubeba usiku kucha. Washa vitu, subiri nusu saa, halafu gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu sio kesi, ila ikiwa ya moto kiasi cha kutoa mkono haraka zima. Ichomoe uangalie pini, ukikuta plastiki ya kuzunguka pini ya laivu (ile inayoleta umeme) imegeuka kahawia au soketi inanuka kama samaki aliyeoza, hiyo soketi imelegea ndani na inaungua polepole, badilisha soketi na plagi zote mbili.

Jambo jingine rili. Fungua waya WOTE hata kama karavani iko hatua tano kutoka mlangoni. Waya ukibaki umejizungusha joto halina pa kutokea, tabaka za katikati zinaiva mpaka mpira unagandana, na juu unaweza usione kitu. Uliobaki utandaze chini kwa mikunjo mipana. Hakikisha unene wake ni milimita za mraba 2.5, usiunge na ekstensheni ya ndani ya nyumba ile nyembamba.

mzururaji
Nimekupata mkuu, sikujua kabisa kuhusu rili. Sasa hili la ethi?

fundi_wa_zamu
Karavani imekaa juu ya matairi ya mpira, yaani haijagusa ardhi. Bati lake na chasisi vimefungwa kwenye waya wa ethi, yaani ule wa usalama unaopitisha umeme uliovuja, unaokuja na ule waya wa chungwa mpaka nyumbani kwako. Sasa tuseme ethi imekatika mahali, labda kwenye adapta ya ovyo au ekstensheni ya nyaya mbili, halafu ndani hita ikavujisha umeme kwenye bati. Hakuna kinachokata kwa sababu umeme hauna njia ya kurudi, bati zima linakaa na moto kimya kimya, mpaka mtu aje peku kwenye nyasi mbichi ashike kitasa, hapo njia ni yeye.

Ndo maana soketi unayochomekea lazima iwe nyuma ya RCD ya miliampea 30, hata kama karavani ina ya kwake, kwa sababu ile ya karavani hailindi waya uliolala nje kwenye majani. Bonyeza kile kitufe cha T kila unapounganisha. Ila wengi hawajui hili: kitufe kinapima kama RCD yenyewe inaruka, hakikwambii chochote kuhusu ethi, hata ethi isipokuwepo kitaruka vizuri tu. Ethi inapimwa na fundi mwenye kifaa.

Pini3
Naongezea, nunua ile testa ya kuchomeka yenye taa tatu, uichomeke kwenye soketi ya ndani ya karavani. Itakuonyesha kama laivu na nyutro (waya wa kurudisha umeme) zimepishana. Zikipishana vitu vinawaka kama kawaida, ila swichi nyingi zinakata upande mmoja tu, kwa hiyo unazima kitu na bado kina moto ndani. Ila hiyo testa haiwezi kukuambia kama nyutro na ethi zimebadilishana, usiiamini kama msahafu.

Wale wa Marekani kwenu ni habari nyingine, plagi ya RV (magari na karavani za kulala) ya ampea 30 ni ya volti 120, na kuna watu wanaiona kubwa wanamwambia fundi afunge soketi kama ya mashine ya kukaushia nguo, ile ni 240. Vyombo vinaungua vyote palepale.

BibiGurudumu
Fundi hapo kwenye ethi hujamaliza. Kuna nyumba ethi yake imeunganishwa na nyutro ya shirika la umeme pale inapoingilia. Nyutro ikikatika huko barabarani, ethi ya nyumba nzima inapata moto, na RCD haisaidii kwa sababu haikati waya wa ethi. Ndani huhisi kitu maana kila chuma kiko sawa, nje umesimama kwenye udongo ndo unapigwa.

fundi_wa_zamu
Kweli kabisa bibi, hapo umenishika. Haitokei kila siku ila kama wageni watakuwa wanalala humo mara kwa mara, mzururaji usihangaike na adapta tena. Mwite fundi avute laini yake kutoka meni swichi, aweke soketi ya bluu ya ampea 16 ya nje isiyoingia maji, breka yake, RCD yake, na achimbie ethi rodi ya hiyo soketi peke yake isiyoungana na ya nyumba, halafu aipime. Sio kuchimbia tu na kuondoka.

mzururaji
Basi kwa sasa natumia adapta kwa betri na friji tu, wageni wasubiri fundi. Swali la mwisho, naanza kuchomeka upande gani? Na nina inveta humo ndani, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani.

Pini3
Zima vyote ndani, chomeka upande wa karavani kwanza, ukutani mwisho. Kutoa ni kinyume chake, ukutani kwanza. Pale adapta inapoungana na waya pawe ndani ya gereji au pameinuliwa, sio kwenye dimbwi, na usifunge na mfuko wa plastiki maana maji yakiingia hayatoki.

Inveta izime kabla, labda iwe na swichi yake ya kubadilisha chanzo cha umeme yenyewe. La sivyo vyanzo viwili vitakutana kwenye waya mmoja na inveta ndo itakufa.

mzururaji
Shukrani sana wakuu. Rili nimeshaikunjua, ndani waya umegandana sehemu mbili, kwa hiyo huo unaenda jalalani.