Kinyonga jike hataki kula, anashuka chini tu, na nyenje wangu wanakufa

Binti wa Wete

Asalaam alaykum jamani. Nina kinyonga, wale wa kijani wenye makunjo ya ngozi shingoni. Mdogo wangu alimwokota shamba msimu wa karafuu, wachumaji walikuwa wameshashika mawe. Nimemweka uwani kwenye tenga kubwa nililolizungushia chandarua, ndani nimetia matawi ya mpera. Alikuwa mlaji khasa, panzi hawahi hata kutulia. Sasa tokea wiki iliyopita hataki kitu. Anashuka chini, anazunguka, anakwaruza kwenye pembe, akichoka anapanda, halafu anashuka tena. Tumbo limejaa vinundunundu ubavuni. Mama anasema amekula kitu kibaya. Maji namtilia kwenye kisahani lakini sijamuona akinywa.

La pili ni nyenje ninaomfugia. Wamo ndani ya ndoo yenye kifuniko, usiku kucha wanaimba, asubuhi nakuta maiti. Watoto wao ndio wanazama kwenye kijaluba cha maji. Nimpe dawa gani huyu, na hawa niwafanyeje?

Ami wa Muyuni

Wa alaykum salaam mwanangu. Dawa usimpe, na mama mpe salamu zangu umwambie hakula kibaya. Huyo ana mayai na anatafuta pa kuyafukia. Hata kama hajaonana na dume tangu umlete hapo kwenu, jike huweza kutaga. Na aliyetoka porini aghlabu alishapandwa zamani.

Mfanyie hivi leo leo, usingoje kesho. Chukua ndoo, tia mchanga uliochanganywa na udongo, kina chake kisipungue shubiri moja na nusu. Mchanga wa pwani usiutumie, una chumvi. Tia maji kidogo kidogo huku unakoroga, kisha chomeka kidole hadi mwisho ukichomoe. Tundu likibaki wima, uko sawa. Likiporomoka, pakavu. Likijaa maji, umezidisha. Iingize ndoo ndani ya tenga, mlazie tawi la kushukia, halafu funika tenga kwa kanga kuukuu na watoto wasichungulie. Kinyonga akijiona anatazamwa hulihama shimo na kuanza upya, na kila akianza upya nguvu zinamwisha. Atachimba kwa kichwa na mikono mpaka apotee humo, atageuka, atataga, kisha atafukia na kushindilia kwa miguu ya nyuma. Mayai ya hawa wenzetu (wataalamu wanawaita Chamaeleo dilepis) si mawili matatu, yanafika ishirini na kupindukia. Ukimuona mchana amefumba macho, amelala chini hachimbi, basi mayai yamekwama. Hapo ni daktari wa mifugo, usihangaike na mitandao.

Kisahani kiondoe. Kinyonga hajui kisahani, anajua umande. Toboa kopo kwa sindano, liweke juu ya tenga lidondoshe tone tone kwenye majani, utamuona anavyoramba. Kisha angalia choo chake: kile kipande kama chokaa kikiwa cheupe, maji yanamtosha, kikiwa rangi ya chungwa, ana kiu. Macho yaliyotumbukia ndani ni kiu pia.

Na tenga hilo asubuhi lipate jua lenyewe, si jua la nyuma ya kioo, maana mionzi inayomjenga mifupa haipiti kwenye kioo. Upande mmoja uwe na kivuli ajichagulie.

Sasa chokaa, yaani kalsiamu inayojenga mifupa. Wadudu wana chokaa hiyo kidogo mno, na jike akitaga anaitoa mifupani mwake. Madukani utauziwa unga kwa bei ya kuchekesha. Wewe nenda pwani maji yakitoka, okota ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule wa baharini anayefanana na ngisi. Uroweke maji baridi, uyabadilishe mara kadhaa chumvi itoke, uanike, utwange, uchekeche kwa kitambaa. Tia nyenje kwenye kopo, nyunyiza unga kidogo, tikisa, wakitoka weupe wape mara moja kabla hawajajifuta.

Nyenje wenyewe: anayeimba ni dume aliyekwishapevuka, na nyenje mpevu umri wake ni wiki chache tu, kwa hiyo maiti nyingine ni ajali ya uzee. Lakini ndoo iliyofunikwa inawaua, joto na unyevu havitoki. Kata kifuniko, bana wavu wa chuma. Wa plastiki wanautafuna. Simamisha trei tupu za mayai ya kuku ndani. Maji watie kwenye pamba iliyoroweshwa, hapo hazami mtoto. Chakula pumba kavu, mchicha na karoti, kilichooza kitoe. Jike utamjua kwa kile kisindano cha nyuma. Mtilie kopo la siagi lenye udongo mbichi, atachoma humo, kisha lihamishie chombo kingine, wakubwa wasije wakayala mayai. Kwa joto letu la kaskazi wanaangua kama wiki mbili hivi, na wiki sita hadi nane wanakuwa wakubwa. Siku moja kabla ya kumlisha kinyonga washibishe vizuri, maana kilichomo tumboni mwa nyenje ndicho anachokula yeye. Na usimpe mdudu mrefu kuliko nafasi iliyoko baina ya macho yake.

Mchumaji Chake

Ami kamaliza, naongeza dogo. Ukikata tawi la mkarafuu au mwembe likague, majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, wakiingia humo watamshambulia kinyonga na nyenje pamoja. Tenga na ndoo ya nyenje ukiviweka juu ya meza, miguu yake isimamishe kwenye makopo ya maji yenye mafuta kidogo, sisimizi hawapiti. Na mende wa ndani usimpe kabisa, khasa nyumba ikiwa imepuliziwa dawa ya malaria.

Mtoto wa Makunduchi

Nyinyi hamuogopi? Bibi yangu akimuona anageuza njia. Si ana sumu yule?

Ami wa Muyuni

Hana. Anakuzomea kwa kinywa kilichofunguka, na kinywa hicho ndiyo silaha yake yote. Bibi mwache na njia yake.

Binti wa Wete

Ami Mungu akulipe! Kachimba usiku, asubuhi nimekuta ndoo imeshindiliwa na yeye juu ya tawi amekonda, anaramba matone kama hatosheki. Panzi wawili kala. Mayai niyafanyeje? Na kuna mgeni mmoja wa hoteli kataka kumnunua.

Ami wa Muyuni

Alhamdulillahi. Mgeni mwambie hapana. Kinyonga huyu yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, havuki mpaka bila ya kibali, na Tanzania ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Hata wewe kumfuga, waulize watu wa misitu kabla hujazoea.

Mayai yaache kwenye ndoo hiyo hiyo, kivulini, usiyageuze, mchanga ubaki na unyevu wa kidole. Ni kazi ya miezi mingi, yanaweza kukaribia mwaka, kwa hiyo kama huna subira yafukie bustanini kina kile kile. Yeye mlishe mpaka mkia na mapaja yajae, kisha, ukinisikiliza mimi, mrudishe. Asubuhi, jua likishatoka, karibu na pale alipookotwa, mti usiwe na majimoto. Nyenje watakaobaki wape kuku.